King Majuto: mzee wa Tanga aliyewavunja mbavu abiria wa Tinde

Tinde, mkoani Shinyanga, ni mji wa njia panda. Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kupitia Dodoma, Singida na Nzega ikifika hapa inagawanyika. Mkono wa kulia unakwenda Shinyanga mjini na Mwanza. Wa kushoto unakwenda Isaka, Kahama na kuendelea hadi mipaka ya Rwanda na Burundi. Kwa hiyo kila aina ya msafiri hushuka au kupanda Tinde: mfanyabiashara wa mchele, mwanafunzi anayerudi bweni, mama anayekwenda kumuuguza mwanawe Kahama, kijana anayefuata dhahabu Kakola au Nyarugusu, dereva wa lori la mzigo wa Kongo. Hawana lugha moja ya nyumbani, hawasali katika nyumba moja, na wengi wao hawataonana tena maishani. Lakini kwa miaka mingi walikuwa na mchekeshaji mmoja, na mchekeshaji huyo hakuwa wa huku.

Alikuwa Amri Athumani wa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1948 na kufariki dunia tarehe 8 Agosti 2018 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, akiwa na umri wa miaka 70. Taifa zima lilimwita King Majuto, au Mzee Majuto, au Mfalme wa Vichekesho. Jina la Amri lilibaki kwa ndugu, majirani na karatasi za hospitali.

Mkoa wa Shinyanga una nyota wake wa filamu, tena mkubwa. Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga mwaka 1984, akasoma Shule ya Msingi Bugoyi, na alipofariki tarehe 7 Aprili 2012 umati mkubwa ulijitokeza kumuaga Dar es Salaam. Watu wa hapa wanajivunia Kanumba, na wana haki. Hata hivyo Kanumba tulimtazama kwa kumstaajabia: suti zake, magari yake, Kiingereza chake, machozi yake ya mapenzi. Majuto alikuwa mtu wa kukaa naye kiti kimoja. Ukimtazama ulimwona baba mdogo wako, au yule mzee jirani asiyelipa deni la sukari dukani.

Anayetaka kuelewa ukubwa wake katika ukanda huu aanze na basi. Kutoka Dar es Salaam hadi Tinde ni karibu kilomita 1,000. Kabla serikali haijaruhusu tena mabasi kusafiri usiku mwaka 2023, safari hiyo ilikuwa ya kutwa nzima: basi linaondoka alfajiri, abiria wanakula Dodoma au Singida, wanashuka mlima Sekenke jua likiwa limekwishapinda, wanafika Tinde jioni au giza likiwa limeingia. Ndani ya basi mtu hana pa kwenda. Anaangalia dirishani, anasinzia, anaangalia televisheni ndogo iliyoning'inia juu ya kichwa cha dereva. Asubuhi kondakta huweka nyimbo za injili. Baada ya chakula cha mchana, watu wakiwa wameshiba na joto limepanda, ndipo zilipokuwa zikiwekwa filamu za Majuto.

Tatizo la filamu ndani ya basi ni sauti. Injini inanguruma, watoto wanalia, mtu anaongea na simu kana kwamba anayempigia yuko mlima wa pili. Filamu ya maneno mengi inapotea. Abiria wa kiti cha nyuma haambulii kitu. Bibi anayerudi Samuye kutoka kwa mwanawe, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu, naye hajui wale vijana wanalumbana nini. Majuto hakupotea. Alianza kuchekesha kwa macho kabla hajafungua mdomo. Alijua kuyatoa yale macho, kuyazungusha, kuyaficha, kumtazama mtu kuanzia kwenye viatu mpaka kwenye kofia na kurudi tena kwenye viatu. Alijua kutembea kwa haraka ya mtu mwenye hatia. Alijua kukaa kimya sekunde moja zaidi ya unavyotarajia. Bibi wa Samuye akacheka, na kijana wa chuo aliyeketi karibu naye akacheka, kila mmoja kwa njia yake, kitu kilekile.

Huo si ufundi wa bahati. Majuto alianza kuigiza jukwaani mwaka 1958, akiwa bado mtoto, miaka mitatu kabla ya Uhuru. Fikiria maana yake: televisheni ilikuja Tanzania Bara mwaka 1994, na soko la filamu za video lilishika kasi baada ya mwaka 2000. Alipoanza kufahamika kwa abiria wa Tinde, mzee huyu alikuwa na zaidi ya miaka 40 ya kusimama mbele ya watu wenye uwezo wa kuinuka na kuondoka. Alikuwa amefunzwa na jukwaa lile la vichekesho ambalo wasomi wa sanaa za maonyesho wanasema lilienea nchini tangu enzi za mkoloni. Vichekesho hivyo havikuwa na kitabu cha maneno. Waigizaji walikubaliana kisa, wakagawana nafasi, kisha maneno yakazaliwa palepale kulingana na watazamaji wa siku ile. Ukikosea, unajua papo hapo. Watu hawacheki.

Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, mashirika ya umma yakaanzisha vikundi vya ngoma, sarakasi na maigizo, na kufikia miaka ya 1980 na 1990 vikundi kama DDC Kibisa, Muungano na baadaye Tanzania One Theatre (TOT) vilikuwa vikijaza kumbi za baa kwa maonyesho yaliyochanganya ngoma, kwaya, taarabu, sarakasi na vichekesho katika jioni moja. Redioni walikuwapo Pwagu na Pwaguzi, ambao sauti zao peke yake zilitosha kumfanya mtu aache kazi aliyokuwa akiifanya. Mzee Small, Said Ngamba, alitoka katika kizazi hicho hicho cha jukwaa, naye tulimpoteza Juni 2014. Hawa ni watu waliojifunza kazi wakiwa wamesimama, wakitoka jasho. Majuto ni miongoni mwa wachekeshaji wa kwanza nchini kuchukua ufundi huo, kuurekodi na kuuza vichekesho katika kanda za video, kisha katika diski. Jukwaa la Tanga likapakiwa ndani ya basi na kuletwa Usukumani.

Na Usukumani si mahali rahisi pa kuleta burudani. Mtazamaji wa huku amelelewa na mashindano. Kila baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti, vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimekuwa vikishindana kwa vizazi, na kipimo cha ushindi ni kikali kupita kura yoyote: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Mtazamaji akichoka anahama kwa miguu yake kwenda upande wa pili. Ndiyo maana wacheza ngoma wa Kisukuma walibuni kila aina ya mbinu za kuwanasa watu: majembe yanayorushwa na kudakwa, nyoka wa kweli shingoni, wanasesere wa mbao, vioja vya kila namna. Aliyekulia katika uwanja wa namna hiyo hampi mtu kicheko cha bure. Majuto akakipata, bila kuwahi kuimba wimbo mmoja wa Kisukuma.

Naamini sababu mojawapo ni utani. Wanyamwezi na Wasukuma wamekuwa watani wa makabila ya njia ya misafara kuelekea pwani, Wazaramo na Wazigua wakiwamo, tangu enzi za wapagazi waliobeba pembe na nguo kati ya bara na bahari. Mwingereza R. E. Moreau aliandika kuhusu utani wa Tanganyika miaka ya 1940 na kuuhusisha na safari na vita vya zamani: watu waliokutana njiani, wakapigana au wakasaidiana, wakaishia kutukanana kwa kicheko. Mtani anaweza kuingia msibani na kumwambia mfiwa jambo ambalo ndugu hathubutu. Anaweza kuchukua kofia yako na usimpeleke popote. Kwa hiyo mzee wa Tanga mwenye kanzu, kofia na tamaa ya ubwabwa hakuwa mgeni kwa mtu wa Tinde. Alikuwa mtani aliyechelewa kufika. Tulimcheka jinsi mababu walivyomcheka mpagazi mwenzao kutoka mwambao, na tulijua kwamba angetucheka vilevile kama angekuja kutuona tukila michembe.

Kuna jambo jingine ninalolithamini zaidi, na sioni likitajwa vya kutosha. Vichekesho vingi vya Dar es Salaam vimekuwa na mazoea ya kumweka Msukuma kwenye nafasi ya mshamba. Mlinzi wa geti, mchunga ng'ombe aliyeona lifti kwa mara ya kwanza, mtu wa lafudhi nzito anayeulizwa swali na kujibu jingine. Abiria wa basi la Mwanza wamelazimika kujitazama hivyo kwa miaka, wakicheka kwa shingo upande. Majuto mara nyingi alimcheka Majuto. Aliyefumaniwa ni yeye. Aliyeogopa mke ni yeye. Mchoyo ni yeye, mwongo ni yeye, mzee anayejipaka manukato kwenda kumwona binti wa rika la wajukuu zake ni yeye, na mwisho wa kisa aibu yote inamwangukia yeye. Aliodhihaki ni aina moja ya watu, nao ni wazee wenye mamlaka nyumbani wanaotaka heshima wasiyoistahili. Aina hiyo ipo Tanga, ipo Tinde, ipo kila kijiji.

Si lazima mtu ajicheke mwenyewe ndipo awe mchekeshaji mwema. Wakenya walikuwa na Mzee Ojwang, ambaye kwa jina lake halisi alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu aliyeigiza mzee wa Kijaluo katika kipindi cha Vitimbi kwa miongo, na Wajaluo wakampenda kama wao. Alipofariki tarehe 12 Julai 2015, nchi iligundua upya jambo ililokuwa ikilijua: kwamba mtu aliyewachekesha watu wa umri wote alikuwa ameishi uzee wa shida, kiasi cha wananchi kumchangia fedha za matibabu ya macho. Namtaja kwa sababu Majuto alipita njia hiyo hiyo miaka mitatu baadaye.

Sitasema kwamba kila filamu ya Majuto ilikuwa nzuri. Nyingi zilitengenezwa kwa haraka, kamera ikitikisika, mwanga ukikosekana, kisa kikikatika katikati kwa sababu fedha au siku zimekwisha. Nyingine zilimtumia tu: jina lake na sura yake vikawekwa kwenye kasha, ndani anaonekana dakika chache. Na wapo wanawake waliowekwa katika visa hivyo kama chambo tu, bila akili wala neno la maana la kusema; hilo linachosha kutazama sasa. Lakini nitasimama na kazi zake zilizokuwa bora, kama Shikamoo Mzee na Pusi na Paku, na nitasimama zaidi na zile dakika ndogo ndani ya kazi dhaifu ambapo mzee anaingia mlangoni na chumba kizima kinabadilika.

Nje ya basi, alikuwa na makao mengine huku: kibanda cha video. Ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita umejaa makazi yanayozaliwa kwa mwezi mmoja. Mawe yakipatikana mahali, kabla ya shule na kabla ya choo, vinafika vitu vitatu: karasha la kusagia mawe, mama lishe, na kibanda umiza chenye jenereta, turubai na viti vya mbao. Mchimbaji aliyeshinda ndani ya duara, futi nyingi chini ya ardhi, akipumua vumbi na kusikiliza kama ardhi inaugulia, jioni anataka kitu cha kumtoa kule. Filamu za Kimarekani, Kihindi na Kichina zilihitaji mtafsiri aliyeingiza sauti yake juu ya maneno ya wenyewe. Filamu ya Majuto ilikuwa imekwishatafsiriwa tangu kuzaliwa. Wachimbaji wa huko wanatoka Kigoma, Mara, Tabora, Singida, Kagera, na wengine ng'ambo ya mpaka. Kiswahili chao kina rangi zote. Walielewana naye.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami, maana ndipo lilipo deni.

Filamu hizo zilifikaje Kakola, Mgusu na Tinde? Njia halali ilikuwepo. Mtayarishaji alitengeneza filamu, akaipeleka kwa msambazaji Dar es Salaam na kuuza master, yaani nakala mama pamoja na haki zake, kwa malipo ya mara moja. Baada ya hapo, filamu ikiuza nakala 1,000 au 100,000, mwigizaji haongezewi hata senti. Msambazaji alichapa diski, akapeleka kwa mawakala mikoani. Mwaka 2013 serikali ikaanza kuweka stempu za kodi za TRA juu ya diski za muziki na filamu ili bidhaa halali itambulike. Lakini diski yenye stempu haikufika mbali kama diski isiyokuwa nayo. Zikaja diski zenye filamu 10 au 20 ndani ya moja, picha ya Majuto juu ya kasha ikiwa imekatwa kutoka mahali pengine. Kisha zikaja simu. Kila stendi ikapata kijana mwenye kompyuta na meza, kazi yake ni kurusha nyimbo na filamu kwenye memori kadi na flashi. Unampa simu ukiwa unasubiri basi, unakunywa soda, unarudishiwa ikiwa na Majuto wa mwaka mzima.

Hakuna mtu Tinde aliyeona hilo kama wizi. Aprili 2017 waigizaji wa filamu waliandamana hadi Kariakoo kupinga filamu za nje zilizokuwa zikiuzwa kiholela na kuua soko lao, na watu wengi waliwacheka, wakisema watengeneze filamu nzuri kwanza. Hoja hiyo haimfai Majuto. Kazi yake watu waliipenda. Waliitazama, wakairudia, wakawarushia ndugu zao. Hakukosa soko. Alikosa kulipwa na soko.

Ugonjwa ndio ulioiweka habari hii mezani. Mwaka 2018 Majuto aliugua, akalazwa Dar es Salaam, akapelekwa India kwa matibabu, akarudi, kisha hali ikabadilika tena na akalazwa Muhimbili. Katika miezi hiyo taifa likaanza kuuliza jinsi mtu ambaye sura yake ilikuwa kwenye matangazo ya biashara barabarani na kwenye televisheni anavyoweza kufikia mahali pa kuhitaji msaada wa tiba. Waziri mwenye dhamana ya sanaa wakati huo, Dkt. Harrison Mwakyembe, alimtembelea hospitalini, akasikia habari za mikataba ambayo haikumpa mzee kinachostahili, na akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Watu wakaanza kujifunza, kupitia kitanda cha mgonjwa, maneno ambayo yalipaswa kufundishwa miaka 40 kabla: muda wa mkataba, haki ya sura, malipo ya kila tangazo linapowekwa upya.

Akafariki Agosti 8. Aliagwa Dar es Salaam na kuzikwa kwao Tanga. Barabara za mikoa mingi zilimlilia kwa namna yake: kwenye mabasi filamu zake zilirudi, na watu waliokuwa wakicheka walijikuta wakinyamaza katikati ya kicheko.

Miaka imepita. Vichekesho vya Tanzania havijafa, na sitaki kuandika kana kwamba vimekufa. Kundi la Ze Comedy, lililokuja kuwa Orijino Komedi, lilishawaonyesha vijana kabla ya kifo cha Majuto kwamba kipindi cha televisheni kinaweza kuifanya nchi ikae ndani usiku mmoja kwa wiki. Joti wa kundi hilo alipoigiza mzee, kila aliyemtazama alijua ni shamba la nani limelimwa kwanza. Leo vijana wanapanda majukwaa ya Cheka Tu na kusimama peke yao na kipaza sauti, bila kanzu wala mke wa kuigiza. Wengine wanarekodi vipande vya dakika moja kwa simu. Na jambo linalonifurahisha kuliko yote ni kwamba wapo vijana wa Kanda ya Ziwa wanaochekesha kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kisukuma wakiwa wao ndio wenye lafudhi, wao ndio wenye kisa, na mtu wa Dar es Salaam ndiye anayeshangaa. Msukuma ametoka kwenye geti la mlinzi na kukaa katikati ya hadithi. Majuto hakuwafundisha darasani, lakini aliwatangulia kuonyesha kwamba mtu anaweza kuchekesha nchi nzima akiwa na lafudhi ya kwao, bila kuiomba radhi.

Vijana hao wanalipwa na nani? Hili ndilo swali la urithi wa Majuto, na kwangu lina uzito kuliko sanamu au barabara yenye jina lake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, na Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, ipo. Sheria inamtaka mtu anayeonyesha kazi ya sanaa hadharani, ndani ya basi, baa, saluni au kibanda, awe na ruhusa ya mwenye haki. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha tozo ya asilimia 1.5 kwa vifaa vinavyotumika kunakili kazi, ili fedha irudi kwa wabunifu. Hizo ni hatua za kweli na wanaozisukuma wanastahili pongezi. Lakini sheria ya Dodoma lazima ifike njia panda ya Tinde. Ifike kwa afisa anayejua kueleza, ifike kwa mwenye basi anayejua alipe wapi na apate risiti, ifike kwa kijana wa stendi mwenye kompyuta, ambaye kwa hakika ndiye msambazaji mkubwa wa filamu katika ukanda huu na hajawahi kuitwa kwenye kikao chochote cha wasambazaji. Yeye si adui. Akipewa leseni nafuu na kazi halali za kuuza, ataziuza, kwa sababu anawajua wateja wake kwa majina.

Kuna kazi ya pili, na hii haisubiri bajeti. Vichekesho vya Majuto vya mwanzo vilirekodiwa kwenye kanda za video za VHS. Utepe wa kanda hizo unachakaa. Joto na vumbi la huku vinauharakisha, na mashine za kuzichezea hazitengenezwi tena. Filamu za baadaye ziko kwenye diski zilizokwaruzika na kwenye flashi ambazo mtu anazifuta akitaka nafasi ya harusi ya dada yake. Vichekesho vya jukwaani vya miaka ya 1960 na 1970 vyenyewe havipo tena popote ila kwenye kumbukumbu za waliokuwapo ukumbini, na hao nao ni wazee. Nchi iliyotunza mafaili ya mkoloni katika Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa inaweza kutunza kicheko cha raia wake.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, na naanza na watu wa kwetu. Wenye mabasi yanayopita Tinde, lipieni kazi mnazozionyesha. Malipo hayo hayatawafilisi, na abiria wenu walistahimili joto la Sekenke kwa sababu ya mzee yule. Na wewe mwenye sanduku la kanda za zamani nyumbani, uliyewahi kuwa na kibanda cha video Kahama, Kakola, Geita au hapa Tinde, usizitupe wala usiziuze kwa wanunuzi wa plastiki. Zipeleke kwa afisa utamaduni wa wilaya yako, uandikishe jina lako na jina la kila kanda, na umdai karatasi ya mapokezi.